Twende Ngoingwa tukatibu redio ya mzee

MSOMAJI mpenzi, hebu inuka kidogo ufungue kabati la sebuleni, au lile sanduku lililo chini ya kitanda cha babu. Humo hamkosi redio iliyonyamaza. Igeuze, uondoe kifuniko cha nyuma. Ukiona mawe yametoa uji uliokauka ukawa unga mweupe, na springi zimeota rangi ya kijani kama mkate wa wiki jana, usiitupe. Ifunge kwenye gazeti, uitie mfukoni, tushike njia ya Thika. Leo safari yetu ni ya Ngoingwa.

Mawe, kwa faida ya vijana waliozaliwa simu zikiwa zimekwisha kuingia mifukoni, ni jina ambalo wazee wengi nchini Kenya waliziita betri kavu za redio na tochi. Jina lenyewe liliwafaa. Zilikuwa nzito, zilijaa kiganjani, na zilipokwisha nguvu hazikuwa na faida kubwa kuliko jiwe la njiani. Hata hivyo zilikuwa na madhara ambayo jiwe halina, na madhara hayo ndiyo yanayotutoa nyumbani leo.

Njia ya kwenda

Kutoka Nairobi hadi Thika ni kilomita 40 na ushei. Matatu hupita Roysambu, Kahawa, Ruiru na Juja, juu ya ile barabara kuu ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi mwezi wa Novemba 2012. Ukikaa dirisha la kulia na siku iwe haina mawingu, utauona mlima wa Kilimambogo umejiinamia peke yake uwandani. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, nao una urefu wa mita 2,145.

Thika ni mji wa viwanda, na umezoea kelele za mitambo tangu zamani. Reli ilifika hapo kutoka Nairobi mwaka wa 1913. Mito miwili, Chania na Thika, hukutana karibu na mji baada ya kuanguka kwa kishindo kwenye maporomoko yake, na katikati ya mito hiyo kuna hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka wa 1908. Ukiwa na watoto, wapitishe hapo wayaone maji kabla ya kuendelea. Mashamba ya mananasi ya Del Monte nayo yametanda nje ya mji, wala huwezi kuyakosa ukitoka kwa njia ya Garissa.

Sisi lakini tunashuka stendi na kubadilisha gari. Ngoingwa iko pembeni mwa mji, kwa njia ya Mang'u. Ni mtaa wa makao: nyumba za mtu na familia yake zenye migomba nyuma ya ua, na katikati yake majengo ya ghorofa ya kupangisha. Matangi ya maji yamepangwa juu ya paa, nguo zimeanikwa kwenye roshani, na bodaboda zinangoja abiria penye kona. Udongo ni mwekundu. Mvua za masika zikinyesha, viatu vyako vitakwambia mwenyewe ulikokuwa.

Kama ilivyo katika mitaa yote inayokua, maduka huota chini ya ghorofa: kinyozi, duka la mboga, mwenye kuchomelea vyuma, mshonaji, na fundi wa vitu vya umeme. Sitakutajia fundi kwa jina wala kwa nambari ya kibanda. Mtafute kwa alama. Tafuta pahali penye redio zilizopasuliwa matumbo, harufu ya risasi iliyoyeyuka, na mita ndogo yenye waya mbili, mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Ukimkuta mtu anayetazama kwanza na kushika baadaye, umefika.

Kikulacho ki nguoni mwako

Kabla hujamkabidhi redio, ni vyema ufahamu ugonjwa wenyewe. Aujuaye ugonjwa hadanganywi na mganga.

Betri kavu za kawaida, zile za bei nafuu, zina asili katika kazi ya Mfaransa Georges Leclanché, aliyebuni betri ya namna yake mwaka wa 1866. Yale maganda ya ndani si chombo cha kubebea dawa tu. Yametengenezwa kwa madini ya zinki, na zinki hiyo ndiyo upande hasi wa betri. Kila unaposikiliza taarifa ya habari, ganda linaliwa kidogo kidogo. Nguvu inapokwisha, ganda limekuwa jembamba au limetoboka, na ule uji mkali wa ndani hupata mlango wa kutokea. Ndiyo maana betri iliyokwisha ni hatari kuliko betri mpya, na betri iliyosahauliwa ni hatari kuliko zote.

Aina ya pili ni zile za alkalini, ambazo hudumu zaidi na huuzwa ghali zaidi. Dawa yake ni potasi kali inayochoma ngozi. Betri hiyo ikikaa muda mrefu hujaa hewa ndani, mpira wa kuzibia ukashindwa, na potasi ikavuja. Ikikutana na hewa hugeuka ule unga mweupe unaouona. Usiupulize kwa kinywa, wala usiuguse kisha ukasugua macho.

Kuna na kosa la tatu, nalo ni la majumbani mwetu: kuchanganya mawe mapya na makuukuu ili kubana matumizi. Redio ya mawe manne hutumia volti 6, yaani volti moja na nusu kwa kila jiwe. Mawe hayo yamefuatana kama watu wanaovuta kamba moja. Aliyechoka hulazimishwa kuendelea na wenye nguvu, na hapo ndipo hupasuka.

Wengi wetu tuliwaona wazazi wakianika mawe juani ili yapate uhai wa siku mbili tatu. Joto huyaamsha kidogo, ni kweli, lakini haliwezi kurudisha zinki iliyokwisha kuliwa. Shuleni nako mawe makuukuu yalivunjwa, ule unga mweusi wa ndani ukatwangwa pamoja na majani na kupakwa ubao. Kalamu ya makaa iliyokuwa katikati ikawa ya kuchorea. Kwa hiyo msomaji, huenda ulisoma hesabu juu ya ubao uliopakwa betri bila ya kujua.

Nyingi ya betri hizo zilitengenezwa papa hapa nchini. Kiwanda cha Eveready kilianza huko Nakuru mwaka wa 1967, na kwa miaka mingi picha ya paka wake ilijulikana hata na mtoto asiyejua kusoma. Kiwanda hicho kiliacha kutengeneza betri mwaka wa 2014. Mawe ya siku hizi huja kwa meli, na redio za wazee zimebaki zikiyangoja.

Fundi anaanzia wapi?

Sasa tuketi kwenye kigoda tutazame kazi. Fundi hodari hafungui redio yote mara moja. Huufuata umeme kama mtu anayefuata mfereji kuanzia kisimani: penye maji kukauka, hapo ndipo penye ufa.

Hatua ya kwanza ni kuyatoa mawe, akiwa amevaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi. Kama redio ina waya wa stima, waya huo hutolewa ukutani kabla ya kitu kingine chochote. Kisha husoma maandishi ya mawe yenyewe, kwa kuwa tiba haifanani. Uchafu wa betri za kawaida una uchachu, na huondolewa kwa magadi ya kuokea yaliyokorogwa na maji kidogo. Uchafu wa alkalini ni kinyume chake, na dawa yake ni siki au maji ya ndimu. Ukimwona fundi anamimina tu maji na kufuta kwa shati, chukua redio yako kwa upole uage.

Siki hupakwa kwa mswaki mkuukuu, tone kwa tone. Itatoa povu. Povu likikoma, mahali hapo hufutwa kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kwa spiriti ambayo hukauka upesi. Siki yenyewe ikiachwa humo nayo itakula shaba, kwa hiyo kuosha dawa ni muhimu kama kuosha ugonjwa. Baada ya hapo redio huachwa wazi ikauke kabisa. Wengi huharibikiwa hapa: wanatia mawe mapya wakati vitu vingali na unyevu, wakasikia mlio mmoja, kisha kimya cha milele.

Hatua ya pili ni springi na vile vibati ambavyo mawe hugusa. Kutu ya juujuu huondoka kwa msasa laini. Lakini ule mng'aro wa juu ukishakwisha, chuma kilicho chini hushika kutu tena baada ya miezi michache. Fundi mwenye kuona mbali hukipaka risasi nyembamba, au hung'oa springi nzima na kuweka nyingine aliyoitoa katika redio iliyokufa. Ndiyo sababu hatupi maiti yoyote. Ile takataka unayoiona chini ya meza yake ndiyo hospitali ya viungo.

Hatua ya tatu ni mita. Mawe mapya yanatiwa, naye hugusa penye springi ya kwanza na ya mwisho. Mita ikionyesha volti 6, kisima kina maji. Halafu hugusa upande wa pili wa waya, pale unapofika kwenye swichi. Ikionyesha volti 6 tena, waya ni mzima. Isipoonyesha kitu, umeme umefia njiani.

Na hapa, msomaji, ndipo penye hila kubwa ya ugonjwa huu. Waya kwa nje huonekana mzuri kabisa, mweusi na laini. Lakini potasi ya betri hupanda ndani ya waya, chini ya mpira wake, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Mara nyingi hupitia ule wa upande hasi. Fundi akiukata huikuta shaba imekuwa nyeusi, wala risasi haiishiki. Hukata tena mbele, na tena, mpaka akutane na shaba inayong'aa. Asipoikuta, waya wote hubadilishwa. Anayeunga waya mpya kwenye shaba nyeusi amekuuzia matumaini ya wiki moja.

Hatua ya nne ni bodi, ile sahani yenye njia za shaba. Njia zilizoguswa na uji hugeuka kijani au buluu, na nyingine hukatika kabisa pahali pembamba kuliko unywele. Fundi hukwangua rangi ya juu taratibu, akaweka mita kwenye mlio, na kujaribu njia moja baada ya nyingine. Inayolia ni nzima. Iliyonyamaza hutengenezewa daraja kwa kipande cha waya mwembamba kilichochomelewa huku na huku. Miguu ya vipuri iliyolika hung'olewa na vipuri vipya kutiwa. Mwisho kabisa husafisha kitufe cha sauti na swichi ya kubadilishia masafa, na kuujaribu wimbo.

Kazi hiyo yaweza kuchukua saa moja au siku tatu. Haitegemei ukubwa wa redio bali umbali ambao sumu imesafiri. Mwulize fundi kabla hajaanza: "Fundi, imefika wapi?" Ikiwa imeishia kwenye springi, mlipe na ufurahi. Ikiwa imeingia chini ya vipuri vidogo vya katikati ya bodi, fundi mwaminifu atakwambia kuwa gharama itashinda thamani, na uamuzi utabaki kwako.

Ugonjwa wa dunia nzima

Usidhani kwamba haya ni ya Ngoingwa peke yake. Huko Marekani kuna mchezo wa mashine uitwao pinboli, ambapo gololi ya chuma hurushwa juu ya ubao wenye taa na kengele, na mchezaji huizuia isianguke kwa vibao viwili. Vibao hivyo vilitiwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1947. Mji wa New York uliwahi kuupiga marufuku mchezo huo kwa kuuhesabu kuwa kamari, na haukuuruhusu tena mpaka mwaka wa 1976.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mashine hizo zilitiwa bodi za elektroniki, na ili zikumbuke alama za washindi wakati stima imezimwa, nyingi zilipewa betri iliyochomelewa juu ya bodi yenyewe. Miaka ikapita, betri zikavuja, na bodi zilizokuwa chini yake zikaliwa. Wenye kuzikarabati leo wanatumia siki, msasa, mita na madaraja ya waya, sawasawa na fundi wetu. Wakimaliza huihamisha betri mbali na bodi, ikae kwenye kisanduku chake, ili hata ikivuja isidondokee kitu cha thamani. Wengine huiondoa kabisa na kutia kumbukumbu isiyohitaji betri.

Fundi mwerevu wa kwetu anaweza kukufanyia vivyo hivyo. Mwombe atoe waya mbili nje ya redio na kukuwekea kisanduku cha mawe kando. Haipendezi sana, lakini redio itaishi.

Si redio tu

Labda utasema: mimi kijana wa mjini, redio naisikiliza kwenye simu, haya yanihusu nini? Hebu hesabu betri zilizo nyumbani kwako. Rimoti ya televisheni, saa ya ukutani, mizani ya jikoni, vichezeo vya watoto. Katika nyumba nyingi za kupanga kuna pia kile kisanduku cha kuingizia tokeni za stima, ambacho hutumia betri ndogo. Uji ukivujia humo, utakuwa umelipia stima na namba ya tokeni iko kwenye simu, lakini familia italala gizani.

Kubwa zaidi ni kipimo cha shinikizo la damu ambacho watoto wengi wamewanunulia wazazi wao wazee. Hicho si cha mchezo. Springi zenye kutu hukifanya kizimike katikati ya kazi au kitoe alama za hitilafu, naye mama akaacha kujipima akidhani mashine imekufa. Kikisafishwa, kipelekeni kliniki mkilinganishe na cha daktari kabla ya kukiamini tena.

Na kama kuna mtoto mdogo nyumbani, zitazame kwa jicho kali zile betri bapa zinazofanana na kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, yaweza kumchoma ndani vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje uone dalili, wala usimtapishe. Mkimbize hospitalini papo hapo.

Mawe yaliyokwisha usiyatupe motoni, wala shimoni karibu na kisima, wala shambani penye mboga. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inayotaka taka zitenganishwe. Yaweke kwenye chupa ya plastiki pahali pakavu, mbali na watoto, na uulize wakusanyaji wa taka za elektroniki wanapopokea.

Kwa nini tujisumbue?

Swali la mwisho ni la haki. Redio mpya zimejaa madukani, na nyingine zina taa na mahali pa kutia kadi ya nyimbo. Kwa nini kusafiri hadi Ngoingwa kwa ajili ya kitu kikuukuu?

Jibu liko kwa mzee mwenyewe. Redio hiyo ndiyo iliyomletea habari tangu stesheni ilipoitwa Sauti ya Kenya, kabla haijarudia jina la KBC mwaka wa 1989. Ndiyo aliyomsikia kwayo marehemu Leonard Mambo Mbotela akiuliza kama huu ni ungwana, katika kipindi kilichoanza mwaka wa 1966. Mtangazaji huyo alituaga mwezi wa Februari 2025. Mzee anaijua redio yake kwa vidole. Gizani, bila miwani, anajua kitufe cha sauti kiko wapi na stesheni iko umbali gani kutoka ukingoni. Ukimpa mpya yenye vitufe 20, umempa kazi ya kujifunza na kumnyima rafiki.

Basi fanya hivi. Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, waite watoto mzunguke nyumba nzima. Kila kitu chenye betri kifunguliwe. Yaliyokwisha yatolewe, na kisichotumika mwezi huu kikae tupu. Msichanganye mapya na ya zamani. Andikeni tarehe juu ya kila betri mpya kwa kalamu. Kazi hiyo haitachukua hata nusu saa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ile iliyokwisha kuota kijani, mnajua pa kuipeleka. Mkishuka pale Ngoingwa, ulizeni kwa heshima penye kibanda cha fundi. Akiwaambia mrudi kesho kutwa, msimharakishe. Dawa lazima ikauke.